Safu ya Sababu

Jumatatu, 7 Novemba

Mvua imeanza kweli kweli. Tangu saa saba mchana mji wote wa Wonosobo umezama kwenye ukungu, na leo hata wenye macho mazima wanalalamika hawaoni ng'ambo ya barabara. Nimefurahi kidogo. Mungu anisamehe.

Naandika kwa herufi za ukubwa wa thelathini na sita. Mwaka jana wakati kama huu zilikuwa ishirini. Daktari wa jiji la Yogya alisema kuona kwangu kunafungwa kutoka pembeni kuja katikati, na dawa hakuna. Nina miaka arobaini na saba. Anayejua ni Pak Tugiyo tu. Mama yangu mwenyewe sijamwambia.

Leo kikao cha walimu. Maabara inapata kompyuta arobaini kuukuu, na zote zitawekewa Linux. Kwenye Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kuna vifurushi vya programu vya lazima, ambavyo bila hivyo skrini haiwaki, halafu kuna vya hiari: mapambo, michezo, vikokotoo, vitu vya kurahisisha. Pak Hardoyo, mkuu wetu, amesema mashine hizi zina kumbukumbu ndogo, kwa hiyo cha hiari kitachaguliwa kimoja kimoja, na kisicho na kazi kitatupwa.

Mimi nataka kimoja tu: msoma-skrini. Programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo. Nikiipata, nitaweza kufundisha darasa langu la kumi na mbili, wale wa ukarani, mpaka watahiniwe Aprili na wahitimu Mei. Baada ya hapo waninyang'anye wanachotaka. Ila macho yangu yakijulikana kabla ya hapo, nitatolewa darasani siku hiyo hiyo. Pak Muntaha alipata kiharusi Jumanne, Ijumaa alishakaa kwenye duka la ushirika la shule anauza kalamu. Miaka ishirini na mbili alifundisha hesabu yule. Watu walimpa na keki.

Jumatano, 9 Novemba

Tumekaa na Pak Tugiyo chumba cha walimu, yeye na orodha, mimi na sahani ya tempe kemul, vipande vya soya vilivyovikwa unga, aliyokaanga Mama. Yeye ndiye mwalimu wa kompyuta. Meza zetu zimegusana miaka kumi na mitano, na bado tunaitana Pak na Bu, yaani Bwana na Bi.

"Kionyesha hali ya hewa," akasoma. "Kinakaa pembeni ya skrini, kinakwambia kama kuna mvua."

"Wonosobo? Futa. Nani hajui kama kuna mvua?"

"Michezo ya karata."

"Pak Hardoyo anaihitaji."

Akacheka mpaka akapaliwa na tempe. "Bu, ukisema hivyo kikaoni nitakufa."

"Andika basi: inafundisha subira."

Tukaendelea hivyo. Picha za milima za kuweka nyuma ya skrini, futa. Kinachokumbuka maneno uliyonakili, weka. Kioo cha kukuza herufi, weka. Tulipofika kwa msoma-skrini aliteremsha sauti.

"Hiki, Bu, niachie mimi."

Nikamwachia. Ningemwachia nani mwingine? Mkewe alipofariki, muhula mzima hakuweza kushika kalamu, na mimi ndiye niliyesahihisha madaftari yake yote, nikaiga mwandiko wake, nikamwekea mezani asubuhi kabla watu hawajafika. Mpaka leo hakuna anayejua. Hata na yeye hatujawahi kulizungumza.

Ijumaa, 11 Novemba

Mvua. Ngazi kumi na nne, kona, hatua tisa, mlango wa darasa. Sijakosea.

Jumanne, 15 Novemba

Pak Hardoyo ameirudisha orodha. Anataka safu mbili ziongezwe: nani anakihitaji, na kwa sababu gani. Kifurushi kisicho na jina la mtu kinafutwa.

Nikamwambia Pak Tugiyo aandike kwamba ni kwa ajili ya mwanafunzi asiyeona, endapo siku moja atakuja kusajiliwa.

"Ndiyo, Bu," akasema.

"Unaandika hivyo hivyo?"

"Ndiyo, Bu."

Mtu wa kwetu akisema ndiyo mara mbili, ni vizuri kumwuliza mara ya tatu. Nalijua hilo tangu nikiwa mtoto. Sikuuliza, kwa sababu alikuwa Tugiyo.

Jumatatu, 21 Novemba

Orodha imebandikwa kwenye mlango wa maabara. Ndiyo desturi ya shule hii: jambo likishaamuliwa linakaa mlangoni siku saba, na asiyekubali anaandika chini yake. Usipoandika, umekubali. Kwa miaka kumi na tisa niliyokaa hapa ameandika mtu mmoja tu, Pak Simbolon, mtu wa Medan, ambako watu husema wazi, aliyepinga rangi ya sare za michezo. Alishahama zamani, lakini bado anasimuliwa.

Nilienda saa ya mapumziko. Karatasi iko usawa wa paji langu la uso, nyeupe, basi. Nilisimama hapo kama ninayesoma, watu wakapita nyuma yangu. Nikamsubiri Pak Tugiyo.

"Nisomee, Pak. Yote."

Akanisomea kwa sauti ya chini, moja mpaka kumi na nne. Msoma-skrini ni wa kumi na moja. Alipofika hapo alikohoa.

"Kumeandikwa nini kwenye sababu?"

"Kama tulivyosema, Bu."

Nikashukuru Mungu. Nikamwambia tempe zote za kesho ni zake.

Jumanne, 22 Novemba

Leo Anggita alipojibu swali alianza na jina lake. "Anggita, Bu. Jibu ni barua ya maombi." Akafuata Lintang: "Lintang, Bu." Adabu nzuri. Nilishawaambia mara mia kwamba ofisini mtu hujitambulisha kwanza. Kumbe walikuwa wananisikiliza.

Alhamisi, 24 Novemba

Pipa la takataka lililokuwa likikaa katikati ya korido limeondolewa. Alhamdulillahi, lilishanipiga muundi mara tatu.

Jumatatu, 28 Novemba

Karatasi imetolewa mlangoni. Hakuna aliyeandika. Imepita.

Jumamosi, 3 Desemba

Herufi arobaini na nane.

Jumatano, 7 Desemba

Bu Ratmini, mwalimu wa kumbukumbu na majalada, mwanamke ambaye kwa miaka yote hii hajawahi kuniachia hata kiti, leo kanishika mkono tukishuka ngazi. "Zinateleza, Bu." Nikajiambia kumbe ana moyo, nilikuwa namhukumu bure.

Alhamisi, 15 Desemba

Likizo. Pak Tugiyo yuko maabara peke yake anaweka Linux mashine moja baada ya nyingine. Nimempelekea chai na geblek za moto, vile vitafunwa vya unga wa muhogo. Umeme umekatika mara nne kwa radi, na kila ukikatika mashine aliyokuwa nayo inaanza upya.

"Bu rudi nyumbani," akaniambia. "Utalowa."

"Nataka kusikia ile sauti."

"Bado sijaiweka. Utaisikia shule ikifunguliwa."

Nikajiambia amechoka. Sauti yake haikuwa ya mtu anayefurahi kuletewa geblek.

Jumanne, 3 Januari

Shule imefunguliwa. Kingo za ngazi zote zimepakwa rangi ya njano, kali hata mimi naiona. Pak Hardoyo hatimaye amewaonea watoto huruma. Nilimpongeza mbele ya watu. Akajibu, "Ah, jambo dogo, Bu," na wote waliokuwepo wakanyamaza.

Ijumaa, 6 Januari

Mvua, radi, darasa zuri. Herufi sitini. Maneno matatu tu yanaenea kwenye mstari.

Jumanne, 10 Januari

Nitaandika taratibu. Nikikosea kuchapa sitaona.

Leo maabara imefunguliwa, na darasa langu ndilo la kwanza kuingia. Watoto thelathini na wawili, kila mmoja na mashine yake. Nikakaa meza ya mwalimu. Pak Tugiyo alikuwa ameshanielekeza kitufe cha kuamsha sauti, na nilikuja na vipokea sauti vyangu vya masikioni ili nisikie peke yangu. Nikapapasa tundu nyuma ya mashine, nikachomeka, nikavaa.

Watoto nikawapa zoezi la kuchapa barua. Mimi nikabonyeza.

Ikasema! Sauti kama ya mtu aliyebanwa pua, lakini inasema Kiindonesia, na inasema kilicho mbele yangu. "Eneo la kazi. Nyaraka. Pipa la taka." Machozi yalinilengalenga, nasema kweli. Nikahama kwa vitufe, juu, chini, na kila nilipogusa ikanijibu. Niliisikia vizuri mno, nikavisifu vile vipokea sauti.

Kwenye Nyaraka mlikuwa na faili moja. Pak Hardoyo hupenda kila uamuzi wa kikao uwekwe ndani ya kila mashine, mtu asije kusema alifichwa. "Orodha ya vifurushi vya hiari," sauti ikasema. Nikafungua. Nilitaka kujisikilizia, kwa starehe yangu, ile namba kumi na moja.

Ikasoma: "Kumi na moja. Msoma-skrini. Anayehitaji: Bu Wening. Sababu: macho yake yamekaribia kwisha kabisa, haoni tena ubao wala nyuso za watu. Tafadhali isitajwe mbele yake."

Nikabonyeza tena. Nilidhani nimesikia vibaya. Ikarudia neno kwa neno, "tafadhali isitajwe mbele yake," kwa sauti ile ile ya pua, haina haraka wala aibu.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba vitufe vya watoto vimenyamaza. Barua thelathini na mbili zimesimama. Nikavua vipokea sauti, na sauti ikaendelea kusema namba kumi na mbili kutoka kwenye spika, chumba kizima. Nilikuwa nimechomeka kwenye tundu la maikrofoni.

Nikangoja mtoto ashtuke. Nikangoja hata mmoja aseme "Astaghfirullah," au kiti kisogee, au mnong'ono. Hakuna. Hakuna aliyeshtuka. Walikuwa wameinamisha vichwa, naamini, wananisubiri niamue kama nimesikia au sijasikia.

"Tangu lini?" nikauliza.

Nikageuka upande anapokaa Anggita.

"Anggita. Tangu lini?"

"Anggita, Bu," akaanza, akalia. "Tangu ilipobandikwa mlangoni."

Basi zote zikaniangukia kwa pamoja. "Anggita, Bu. Lintang, Bu." Lile pipa, mkono wa Bu Ratmini, rangi ya njano. Nami nikampongeza Pak Hardoyo mbele ya watu! Nilisimama mbele ya karatasi ile saa ya mapumziko, najifanya nasoma, na nyuma yangu shule nzima inapita ikijua ninajifanya. Wamenifanya zuzu wiki saba, kwa upole mkubwa.

Nikawaambia waendelee kuchapa. Wakachapa. Lintang alikosea anwani na nikamsahihisha kutoka nilipokaa, maana herufi aliyoiruka niliisikia kwa masikio. Kipindi kikaisha. Nikahesabu hatua zangu mpaka chooni, nikafunga mlango, nikalia mpaka pua zikaziba.

Jumatano, 11 Januari

Nilimfuata Pak Tugiyo nyuma ya maabara. Mvua ilikuwa inapiga mabati, ilibidi tupaze sauti, jambo ambalo hatujawahi kulifanya.

"Pak, siku ile mlangoni ulinisomea yote?"

"Nilikusomea, Bu."

"Na safu ya sababu?"

Ana kalamu ya kubofya. Niliisikia: ta, ta, ta.

"Mkuu aliikataa ile ya mwanafunzi wa kuja," akasema. "Alisema mwanafunzi wa kuja atakuja na orodha yake. Bila jina la mtu aliyepo, kinafutwa. Nilikuwa nimesimama mbele yake, Bu, kalamu mkononi. Ningefanyaje?"

"Ungekuja kuniuliza. Darasa langu liko ngazi kumi na nne kutoka ofisini kwake."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Ndiyo maana mtu huulizwa, Pak, ili aweze kukataa!"

"Nilitaka uipate sauti. Bila ile sauti ungefika Aprili vipi? Nikaongeza ule mstari wa mwisho, wasikuvunjie heshima. Na hawakukuvunjia, Bu. Hakuna aliyekutajia."

Aliusema huo mstari kwa fahari! Ndicho kilichonichoma zaidi. Alidhani amenifunika.

"Ulikohoa," nikamwambia. "Ulipofika namba kumi na moja ulikohoa. Nilikuwa nimesimama pale bila macho, nimekuazima yako, na wewe ukanichagulia cha kuona. Mimi nilishika madaftari yako muhula mzima, Pak. Niliiandika siri yako kwenye karatasi yoyote?"

Kalamu ikaacha kulia. Nikageuka, na nikakosea hatua, nikagonga bega kwenye nguzo. Akanishika kiwiko.

"Niache," nikasema.

Alhamisi, 12 Januari

Sijaenda kula na wenzangu. Tempe nimezipeleka kwa mlinzi wa geti.

Jumatatu, 16 Januari

Pak Hardoyo ameniita. Chai, biskuti, kiti kilichofutwa vumbi. Nikajua.

"Bu Wening, sisi wote tulikuwa radhi kuvumilia," akaanza. "Kwa muda wote lile jambo lilipokuwa limeandikwa tu, halikuwa na shida. Sasa limesemwa, tena mbele ya wanafunzi. Limeshasemwa, Bu. Nitajifanyaje sijalisikia?"

"Pak, mngeniuliza tangu Novemba."

"Karatasi ilikaa siku saba. Bu mwenyewe ulisimama mbele yake, watu walikuona, hukuandika kitu. Tukajua umeridhia."

"Nilisimama mbele ya karatasi nisiyoiona."

"Naam, lakini hilo lilikuwa halijatajwa bado."

Wallahi, hivyo ndivyo alivyosema, na hakuwa anatania. Nilibaki na biskuti mkononi.

Uamuzi: nahamia maktaba. Darasa la kumi na mbili anachukua Bu Ratmini. Zimebaki wiki kumi na mbili za masomo kabla ya mtihani. Tangazo limebandikwa mlango wa maabara leo saa tano. Siku saba.

Jumanne, 17 Januari

Nimemwuliza Anggita kama kuna aliyeandika. Hapana, Bu. Mvua.

Jumatano, 18 Januari

Hapana, Bu. Bu Ratmini amekuja kuniuliza nimefika ukurasa wa ngapi. Nikamwambia kitabu ninacho kichwani, hakina kurasa. Alinishika mkono tena na nikauchomoa.

Alhamisi, 19 Januari

Hapana, Bu.

Ijumaa, 20 Januari

Mama ameniuliza mbona silali. Nikamwambia yote. Akasema, "Mimi nilijua tangu Ramadhani, ulipotia sukari kwenye sambal badala ya chumvi, pilipili ikawa tamu." Naye pia! Nikamwuliza kwa nini alininyamazia. Akasema hakutaka kuniaibisha. Kila mtu katika mji huu ameninyamazia kwa heshima, na heshima yao imenifikisha maktaba.

Jumamosi, 21 Januari

Hapana, Bu. Walimu thelathini na wanane, kalamu thelathini na nane. Wengine nimewatungia hotuba za harusi. Sasa kila mmoja ananiletea pole mpaka mezani, kwa mnong'ono, na wote wanapita mlango ule ule kwenda kwenye chai.

Pak Tugiyo pia hakuandika. Nilimwuliza Anggita mara mbili. Nilidhani yeye angalau.

Jumatatu, 23 Januari

Siku ya mwisho. Nilikwenda saa ya mapumziko makusudi, korido imejaa. Nilinunua kalamu ya wino mzito, ile ya kuandikia maboksi. Ngazi kumi na nne, kona, hatua kumi na sita, mlango. Nikapapasa, nikainua mkono usawa wa paji, nikaandika kwa herufi kubwa kadiri bega lilivyoniruhusu:

SIKUBALI. WENING.

Nikafunika kalamu. Niliisikia mvua ya uwanjani.

Anggita akanisogelea. "Anggita, Bu," akanong'ona. "Umeandika kwenye mlango. Karatasi iko kushoto."

Loo! Moyo ulishuka mpaka kwenye ndala. Kisha nikafikiri kwamba karatasi hutolewa siku ya saba, mlango hautolewi.

"Inasomeka?" nikauliza.

"Inasomeka mpaka kwenye geti, Bu."

"Basi iache hapo hapo."

Nikageuka. Watu wakanipisha njia, na safari hii nilijua wananipisha, na wao walijua ninajua. Mikono ilikuwa inanuka wino siku nzima.

Alhamisi, 26 Januari

Kikao. Hakuna aliyejua kinaendeshwaje, maana mara ya mwisho kupingwa kitu ilikuwa zile sare za michezo. Pak Hardoyo akasoma ya kwake, kisha akanipa nafasi, akitumaini nitaomba radhi. Nusu yangu ilikuwa inataka kuomba, kwa mazoea. Nikapiga moyo konde nikasimama.

"Ninyi nyote mlijua sioni tangu tarehe 21 Novemba," nikasema. "Mpaka tarehe 10 Januari nilifundisha. Nilisahihisha kwa masikio. Nasikia kosa la kuchapa kabla mtoto hajaliona. Mtihani wa muhula darasa langu lilikuwa la kwanza, na ninyi mlipiga makofi mkijua. Sasa niambieni, tangu tarehe 10 Januari ni nini kimeharibika machoni mwangu ambacho hakikuwa kimeharibika Novemba?"

Nikamgeukia Pak Hardoyo.

"Aliyebadilika ni nani? Mimi nimebadilika kimoja tu: nimejua kwamba mnajua."

Mtu akasogeza kikombe. Bu Ratmini akasema yeye anafuata walio wengi. Lakini sisi hatupigi kura. Tunakaa mpaka wote wawe na neno moja, na mmoja akiwa hana, jambo halijaisha. Pak Hardoyo alipozunguka meza kuuliza rai ya kila mtu, alifika kwa Pak Tugiyo. Nilisikia kalamu: ta, ta, ta.

"Mimi sina la kuongeza," akasema.

Yeye ndiye aliyeiandika sababu ile, mtu pekee aliyeweza kusimama akasema, "Nimekosea, sikumwuliza." Maneno mawili yangetosha. La kwanza lile la mlangoni ningeweza kulimeza siku moja, maana aliogopa na alinipenda kwa wakati mmoja. Hili la leo silimezi.

Kikao kikaahirishwa.

Alhamisi, 2 Februari

Kikao. Kimeahirishwa. Mvua. Maadamu jambo halijaamuliwa, naendelea kufundisha.

Alhamisi, 9 Februari

Kimeahirishwa. Bu Ratmini ana mafua.

Jumanne, 14 Februari

Herufi sasa hazina maana, hata ziwe kubwa kama nyumba. Naandika kwa sauti ya pua: nachapa, inanisomea. Nimeizoea. Haikohoi.

Alhamisi, 23 Februari

Pak Hardoyo alileta mtu wa kupaka mlango rangi. Mtu huyo akauliza kama kuna kibali, kibali kinatakiwa kubandikwa siku saba, na hakuna aliyejua kibandikwe wapi, maana mahali pake ni mlango huo huo. Amekunywa chai akaondoka. Nimecheka peke yangu, kicheko cha kwanza tangu Januari. Nilitaka kugeuka kumwambia Pak Tugiyo, nikakumbuka.

Jumatatu, 6 Machi

Mkuu ametangaza kwamba zimebaki wiki chache, kubadilisha mwalimu kutawavuruga watoto, basi mambo yabaki yalivyo. Hakusema nimeshinda. Hakunitazama, nadhani. Wenzangu wamekuja mmoja mmoja kunipongeza, kwa mnong'ono.

Jumatano, 15 Machi

Mvua imepungua, jioni mbili hazijanyesha. Mashine zitawekwa upya baada ya mitihani, na orodha ya vifurushi inatakiwa tena. Safari hii Pak Tugiyo hakuijaza. Ameipeleka kwenye mashine ya meza yangu, mstari wa kumi na moja ukiwa mtupu, akaondoka bila kusema kitu.

Nimeujaza mwenyewe. Nikairudia kuisikiliza mara tatu. "Kumi na moja. Msoma-skrini. Anayehitaji: Bu Wening. Sababu: anafundisha."

Jumatano, 22 Machi

Orodha imekaa mlangoni siku saba, chini ya maandishi yangu. Leo inatolewa. Nilisimama mbele yake saa ya mapumziko, mikono mfukoni, bila kujifanya nasoma.

Hatua za Pak Tugiyo nazijua. Akasimama mahali pale pale aliposimama Novemba.

"Bu," akasema. "Hakuna aliyeandika kitu. Imepita." Akabofya kalamu mara moja. "Nikusomee?"

Kwa miaka kumi na mitano ningesema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza.

"Hapana, Pak," nikamwambia. "Najua kilichoandikwa."